Vumbi la Kolo

Majirani walikwenda Nzuguni siku ile ya Nanenane,
kutazama matrekta na ng'ombe wa kisasa.
Sisi tuliazima Noah ya Mwalimu Chilewa.
Alitupa ufunguo, kisha hakuuachia,
ukabaki kati ya vidole vyake na vya mume wangu:
"Ndahani, irudi kama ilivyokwenda."

Alfajiri. Chang'ombe bado imejifunika.
Shangazi Foibe kapakata hotpoti ya pilau,
Yoeli kakaa mbele, anasoma vibao
kama mwalimu wa zamu anayeita majina:
Msalato. Makutupora. Mayamaya.
Na Nyemo, miaka sita, anaitikia kila jina:
"Tumefika?"

Agosti imeivua nchi nguo, haikuibakizia hata kanga.
Mashamba ya uwele ni mabua yaliyovunjika magoti.
Mtoni hamna mto: mchanga, ndoo ya njano,
na mvulana aliyezama shimoni hadi mabegani
akichota maji kwa kikombe.
Kisulisuli kilisimama kando ya lami, kirefu, chekundu,
kama abiria mwenye safari yake.
Ndahani hakupunguza mwendo.

Kabla ya Chemba gari likaanza kunung'unika,
halafu radieta, fyuuu!
Ndahani akainua boneti, akatazama ndani
kwa ule ukimya wa mwanamume asiyejua anachokitazama.
Maji tuliyokuwa nayo ni dumu moja, ya kunywa.
Tukaangaliana.
"Mnywesheni anayetubeba," akasema Shangazi.
Likanywa lote, likacheua.
Sisi tukala zabibu, za moto kama machozi.

Kolo. Bwana Swalehe anatutangulia,
kandambili zake zinalijua kila jiwe kwa jina.
Sisi viatu vyetu vilikuwa wageni.
Katikati ya mlima Shangazi alimtaja Mungu mara tatu,
akatandika kitenge, akaketi:
hizo picha zimengoja miaka yote hiyo,
leo zimngoje na yeye apumzike.

Kisha mwamba, na kivuli chake baridi kama mtungi.
Watu wembamba, rangi ya damu iliyokauka,
vichwa vyao vikubwa kama wamejitwika vichaka.
Twiga aliyefifia, amebaki shingo na nia.
Nilidhani nitasikia jambo kubwa moyoni.
Nilisikia kiu.

"Walichora kwa nini?" Yoeli akauliza.
"Wapo wanaosema mvua. Wapo wanaosema maradhi.
Mimi nasema sijui," akajibu Swalehe,
"na mshahara ni uleule."
Na rangi, haitoki?
"Jua limeshindwa. Upepo umeshindwa. Vidole ndivyo ninavyoviogopa."
Nyemo akaficha mikono mgongoni
mpaka tulipofika chini.

Huko chini ndipo alipoitoa.
Tulipokuwa tukigombania dumu la maji ya kununua
yeye alikuwa nyuma ya gari, kwenye kioo kilichojaa vumbi,
anachora kwa kidole: watu wanne, miguu mirefu kama fito,
na wa tano ameketi, pembeni yake hotpoti.

Usiku tulirudi. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka,
nikatoa ndoo mbili za akiba.
Ndahani akasugua taa, akasugua milango,
akasugua hata matairi, nani husugua matairi usiku?
Kile kioo cha nyuma akakizunguka
kama mtu anayempita mgonjwa aliyelala.

Asubuhi Mwalimu Chilewa alikuja kuchukua chake.
Akalizunguka gari. Akasimama nyuma, mikono kiunoni.
Nikaanza kutafuta maneno ya kuombea radhi.
"Huyu aliyeketi ni nani?"
"Ni Shangazi."
"Mm."
Akawasha, akaondoka.

Ijumaa, sokoni Majengo, niliiona ile Noah imeegeshwa.
Vumbi jipya juu ya vumbi la Kolo,
na sisi bado tumo, tumefifia kidogo.
Lakini tulikuwa sita.
Kidole kinene kuliko cha Nyemo kilikuwa kimemwongeza mtu mwembamba
pembeni kabisa, karibu na ukingo wa kioo,
ameshika ufunguo.